Siku tuliyotembea na dada kando ya Mto Kelvin

KABLA sijaondoka Dar es Salaam mama alinifungia mzigo: dagaa, unga wa ulezi, karanga za kusaga na kitenge kimoja. Kisha akanipa agizo lililokuwa zito kuliko mzigo wenyewe.

"Kamwangalie mwenzio kwa macho yako. Maneno ya kwenye simu nimeyachoka."

Mwenzangu huyo ni dada yangu, ananizidi miaka sita. Huu ni mwaka wake wa nne Glasgow, Scotland, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tangu Oktoba alikuwa hapokei simu. Ujumbe wa WhatsApp unasomwa, alama mbili zinageuka buluu, halafu kimya. Kwenye kundi la familia mjomba mmoja alikwishaandika kwamba Ulaya imemlevya, mwingine akaweka kikaragosi cha kucheka. Mimi niliona na sikusema kitu, maana hata mimi nilikuwa na hasira zangu. Aliniahidi kompyuta mpakato tangu Septemba.

Januari nikapata nafasi ya mafunzo ya wiki mbili ya uandishi wa habari za afya huko Edinburgh, mji ulio mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka Glasgow. Jumamosi ya kwanza nikapanda treni.

Nilifika kwake saa nane mchana na mapazia yalikuwa yamefungwa. Vyombo vya siku tatu vilikuwa kwenye sinki. Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa jambo, lakini huyu ndiye dada aliyekuwa akituamsha saa kumi na moja alfajiri tudeki nyumba kabla ya shule. Alinikumbatia, akaupokea mzigo wa mama, akauweka chini bila kuufungua. Alikuwa amekonda. Jioni ile tuliongea habari za watu wengine tu, nani kaolewa, nani kajenga, mpaka akasinzia kwenye kochi.

Jumapili asubuhi nikamwambia twende tukatembee.

"Hapa hakuna cha kutembelea," akasema. "Mvua tu."

"Mama anataka picha."

Hilo lilimshinda. Akanitazama nilivyovaa, akacheka kwa mara ya kwanza, akaniambia kwa koti lile nitarudishwa nyumbani kwenye jeneza. Akanivalisha kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka: fulana, shati, sweta la sufu, halafu koti lake lisilopitisha maji. Kosa la wageni wengi ni kununua koti moja nene wakidhani wamemaliza. Nguo nyembamba nyingi hutega hewa katikati yake, na hewa ile ndiyo inayokutunzia joto la mwili. Tena unaweza kuvua moja jua likitoka. Na linatoka, kama nilivyokuja kuona, kwa dakika kumi.

Tukashuka kwenye treni ya chini ya ardhi, ambayo inazunguka mji kwa duara moja tu na imekuwepo tangu mwaka 1896. Tukaibukia kituo cha Kelvinbridge, ambacho kiko karibu na mto kabisa. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, lakini mwanga ulikuwa kama wa kwetu saa kumi na mbili na robo alfajiri. Glasgow iko kaskazini kidogo kuliko Moscow. Kisichoifanya igande kama Moscow ni upepo wa bahari ya Atlantiki, unaoleta uvuguvugu, na mvua pia. Katikati ya Januari jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na robo jioni limekwisha kuzama. Mtu wa zamu ya mchana kama dada anaingia kazini gizani na kutoka gizani. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua isipokuwa kupitia dirisha la chumba cha mgonjwa.

Mto Kelvin si mkubwa. Urefu wake ni kama kilometa 35, unatoka vilima vya kaskazini mashariki mwa mji na kuishia kwenye Mto Clyde. Siku ile ulikuwa umejaa, maji yake rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakinguruma kwenye mawe. Njia ya waenda kwa miguu inaufuata ukingoni. Manyunyu yalianza tulipokuwa tukipita chini ya daraja. Tulipotokea upande wa pili hakukuwa na manyunyu wala mawingu, jua lilikuwa linatupiga usoni na kila tone kwenye matawi makavu likawa linang'aa. Nikatoa simu nipige picha ya mama. Kabla sijafungua kamera upepo ukageuka na ubaridi ukanipiga masikioni.

"Ndiyo kwao," dada akasema. "Hapa ukiaga mtu unamwambia na hali ya hewa."

Bustani ya Kelvingrove ilitengenezwa miaka ya 1850. Mchoro wake ulikuwa wa Joseph Paxton, yule yule aliyesanifu jumba la kioo la maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851. Inapanda kilima upande mmoja, inashuka mpaka mtoni, halafu inapanda tena upande wa pili kwenye chuo kikuu na mnara wake. Januari miti haina jani hata moja, kwa hiyo unauona mnara kila unapogeuka. Watu walikuwepo wengi kuliko nilivyotarajia. Kina mama wenye vigari vya watoto vilivyofunikwa nailoni, vijana wanaokimbia na kaptula (sijui wameumbwa na nini), wazee na mbwa wao. Mbwa wengine walivaa makoti mazuri kuliko langu. Kindi wa kijivu walikuwa wanachimbua walichokizika wenyewe.

Katikati ya bustani kuna chemchemi kubwa ya mawe yenye sanamu ya shaba juu yake. Haikuwa inatoa maji siku ile. Mimi ndiye niliyesimama pale, dada alitaka tupite tu. Kwa mwandishi wa afya pale ni mahali pa kusimama. Chemchemi ile ni kumbukumbu ya Robert Stewart, meya wa Glasgow aliyepigania mji upate maji safi. Karne ya 19 Glasgow ilikuwa inakua kwa kasi kama inavyokua Dar es Salaam yetu leo, watu wamebanana, wanakunywa maji ya mto na visima vilivyochanganyika na kinyesi. Kipindupindu kiliingia mwaka 1832, kikarudi 1848, kikarudi tena 1853, na kila safari kiliua maelfu. Ndipo wakaamua kuyaleta maji ya Ziwa Katrine, zaidi ya kilometa 50 kutoka mjini, yakishuka yenyewe kwa mteremko kupitia mahandaki na mifereji. Malkia Victoria alifungua mradi huo Oktoba 1859. Kipindupindu kilipopita tena Uingereza mwaka 1866, Glasgow ilizika watu wachache sana.

Nilimweleza dada yote hayo kwa bashasha. Nilikumbuka kipindupindu cha Dar es Salaam cha mwaka 2015, na nilikuwa namwambia kuhusu Msimbazi na mpango wa kulijenga lile bonde liwe na bustani ya mto kama hii, watu watembee pale ambapo leo kila masika wanahamisha magodoro. Nikageuka nione kama ananisikia. Alikuwa anaitazama chemchemi na machozi yanamtoka, bila sauti, kama mtu ambaye hajui kama analia.

Nikanyamaza. Mvua nayo ikaanza, ya kweli sasa.

Tulikaa kwenye benchi chini ya mti usio na majani, yaani tulikaa mvuani. Akaanza kusema akiwa anatazama mbele. Alisema Oktoba, saa zilipoanza kufupika, aliona uzito wa kuamka. Akadhani ni uchovu wa zamu. Novemba akawa analala saa kumi na nne siku za mapumziko na anaamka amechoka. Kula hakukuwa na ladha. Mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia kwa miaka miwili alifariki, na yeye hakuhisi kitu chochote, hata huzuni, na hilo ndilo lililomtisha. Simu ikiita na jina la mama likitokea, anaitazama mpaka inyamaze.

"Kwa nini hukupokea?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nina kazi, nina nyumba ina joto, nina chakula, halafu nalia? Mdogo wangu, mngeniambia nimerogwa. Au mngeniambia nina laana ya kusahau nyumbani. Na kila mkipiga mnaanza na shida. Ada. Bati. Msiba. Kompyuta."

Hilo la mwisho alilisema bila kunitazama.

Mwaka jana niliandika makala mbili juu ya sonona. Ninazijua dalili zake kwa mpangilio: huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuvurugika kwa kuzidi au kupungua, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kutulia au kufikiri. Niliziandika kwa ajili ya wasomaji. Hazikunijia kichwani hata mara moja nilipokuwa namnunia dada yangu kwa kutojibu ujumbe.

Kuna swali ambalo wataalamu hutufundisha kuliuliza, na ambalo wengi wetu tunaliogopa tukidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumsukumi kufanya hivyo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Nimeliandika hilo pia. Lakini kulisema kwa dada yako, kwa Kiswahili, mvua ikikuingia shingoni, ni jambo jingine. Ulimi ulikuwa mzito.

"Dada, umewahi kufikiria kujiua?"

Wakati huo huo mvua ikageuka mawe. Vipande vidogo kama punje za mtama vikawa vinatupiga kofia na mikono, vikiruka kwenye lami. Tukakimbia. Tulikimbia kama watoto, tumeshikana mikono, mpaka kwenye mti mmoja wenye majani ya kijani kibichi, aina isiyopukutisha, tukajibana kwenye shina lake. Pale, akihema, akanijibu.

"Kujiua hapana. Lakini Novemba kuna siku nilitamani nilale nisiamke. Siku kama tatu. Nikaogopa, nikaenda kwa daktari."

Kumbe alikuwa amekwenda! Sisi nyumbani tulikuwa tunajadili kama amelewa Ulaya, yeye alikuwa amejipeleka mwenyewe kwa daktari, peke yake, akaeleza kwa lugha ya kigeni mambo ambayo hata kwa Kiswahili hakuwa na mtu wa kumweleza. Alipewa dawa na akaandikishwa kwenye vikao vya mazungumzo na mtaalamu kila wiki. Alikuwa wiki ya saba. Alisema usingizi umeanza kukaa sawa, hamu ya chakula bado. Nilimuuliza maswali yote ya kitaalamu, mpaka akaniambia niache kumhoji, nimshike tu mkono.

Mvua ya mawe ilidumu dakika nne au tano. Ilipokatika jua likatoka tena na nyasi zote zilikuwa nyeupe, zinatoa mvuke. Upinde wa mvua ukatokea juu ya mto. Nilipiga picha ile ya mama. Dada ana pua nyekundu na macho yamevimba, lakini amesimama vizuri.

Niseme kidogo kuhusu hali hii, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu wanaoishi nchi za baridi. Sonona ya majira ilielezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal, aliyehamia Marekani kutoka Afrika Kusini na kuiona kwake mwenyewe na kwa wagonjwa wake. Huanza siku zinapofupika na kupungua majira ya kuchipua. Mgonjwa mara nyingi hulala sana na kutamani vyakula vya wanga. Hutibiwa kama sonona nyingine, kwa mazungumzo na dawa, na wengine hukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali kwa kama nusu saa. Taa hiyo inunuliwe baada ya kuongea na daktari, hasa kwa mwenye matatizo ya macho.

Vitamini D ni jambo la pembeni yake, na watu huyachanganya. Ngozi yetu huitengeneza kwa miale ya jua, na Scotland kuanzia Oktoba hadi Machi jua liko chini mno kuweza kazi hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile. Kwa hiyo huduma ya afya ya Uingereza inawashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Miaka ya 1960 madaktari wa Glasgow walikuta matege yamerudi, safari hii kwa watoto wa familia zilizohamia kutoka India na Pakistan. Ni kidonge cha bei ndogo. Lakini ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Anayekuambia kitaondoa sonona anakuuzia matumaini.

Tukavuka daraja. Mtoni alikuwepo ndege mrefu wa kijivu wa jamii ya korongo, amesimama kwa mguu mmoja katikati ya maji yale ya baridi kama hakuna kilichotokea. Upande wa chuo kuna sanamu mbili za wanaume waliokaa. Mmoja ni Lord Kelvin, mwanafizikia, ambaye jina lake la heshima lilitokana na mto huu huu. Mwingine ni Joseph Lister. Agosti 1865, kwenye hospitali kuu ya mji huu, Lister alimpokea mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa umetoboa ngozi. Zama zile jeraha la namna hiyo mara nyingi lilioza, ukakatwa mguu au ukafa. Yeye akalisafisha na kulifunga kwa asidi ya kaboliki. Baada ya wiki sita mvulana akatoka hospitali na miguu yake miwili.

Safari hii dada alikuwa anasikiliza. "Yule alivunjika mguu," akasema, "kila mtu aliuona. Mimi nilikuwa natembea, nawaogesha wazee, nacheka nao. Nani angejua?"

Sikuwa na jibu la hilo.

Mwisho wa bustani kuna jumba la makumbusho la mawe mekundu ya mchanga, la mwaka 1901, na kuingia ni bure. Tuliingia tukiwa tumelowa. Ndani kuna joto, kuna tembo aliyekaushwa, kuna ndege ya vita ya zamani inaning'inia darini juu yake, na kinanda kikubwa cha mabomba ambacho kilianza kupigwa tukiwa tunatafuta meza. Tukaagiza chai na keki. Dada alikula keki yote, halafu akala nusu ya yangu. Nilijifanya sioni.

Kule nyumbani ilikuwa inakaribia magharibi. Tulikubaliana kabla ya kupiga: nitasema mimi, yeye atasikiliza, na akitaka ataongea. Mama alipokea mlio wa kwanza. Nikamwambia dada anaumwa sonona, anatibiwa, anaendelea vizuri, na nikamweleza sonona ni nini kwa maneno niliyoyazoea kuyaandika. Nilisubiri aseme habari za maombi, au za shangazi fulani mwenye jicho baya. Kwa muda hakusema kitu. Nilisikia jogoo wa jirani.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula, mama."

"Mpe simu."

Sijui alimwambia nini. Dada aliitika "ndiyo mama", "hapana mama", akahamia dirishani na simu, akarudi baada ya dakika ishirini. Chai yangu ilikuwa imepoa na nje kulikuwa kumeanza giza, saa kumi kamili. Aliniambia jambo moja tu. Mama amesema aache kutuma fedha mpaka mvua za masika ziishe, na ada ya mdogo wetu wa mwisho tutajua sisi wenyewe. "Sisi" maana yake mimi. Nusu ya ada ile nimeilipa mwezi uliopita, na kompyuta ninayoandikia makala hii ni ile ile ya zamani, inayozima chaji ikitikisika.

Kundi la familia limegawanyika. Wapo waliompigia simu dada kumpa pole. Mjomba wetu bado anasema hayo ni magonjwa ya watu walioshiba. Dada ameisoma makala hii kabla haijachapishwa, akafuta sentensi mbili na kuniruhusu hizi zilizobaki.

Wiki ya tatu ya Machi alituma picha kwenye kundi. Ni bustani ile ile, miti bado mikavu, lakini kwenye nyasi kando ya mto vimechomoza vimaua vya zambarau, na kwenye pembe ya picha vinaonekana viatu vyake vya wazi. Chini ameandika: "Leo jua linazama saa kumi na mbili na nusu."

Mama alikuwa wa kwanza kujibu. "Vaa soksi."